MAZUNGUMZO YA JUMA: Chuo Kikifungwa, Je, na Masomo Yamefungwa?



Juma lililopita mzee mmoja wa kigango chetu alifika ofisini kwangu ili nimsaidie kujaza fomu za mwanawe. Kijana huyo amepata nafasi ya chuo kikuu, naye ni wa kwanza katika ukoo wao. Tulijaza, tukabandika picha, nikampa karatasi zake. Lakini mzee hakuondoka. Alikaa akizungusha kofia yake mikononi, kisha akaniambia:

"Karani, mwanangu, nina neno. Ada hii naipata kwa kuuza ng'ombe wawili. Nakumbuka ule mwaka wa korona, watoto wa vyuo walirudishwa nyumbani wote na masanduku yao. Ugonjwa wa namna ile ukija tena, chuo kikafungwa, si ng'ombe wangu wamekwenda bure?"

Ni swali la haki. Mtu anayeuza ng'ombe wake ana haki ya kujua ananunua nini. Siku ile nilimjibu kwa kifupi, maana watu wengine walikuwa wakingoja nje. Leo napenda nimjibu kwa urefu, yeye pamoja na wazazi wote wenye watoto vyuoni, au wenye matumaini ya kuwapeleka huko.

Jibu langu ni hili: mlango wa chuo waweza kufungwa, tena mara nyingine yafaa ufungwe ili watu wapone. Lakini mafundisho yana njia nyingi za kumfuata mwanafunzi aliko. Njia hizo hazikubuniwa juzi. Na sehemu ya mwisho ya njia hiyo, ile inayopita uani kwetu, hailindwi na profesa wala na serikali. Yalindwa na sisi wazazi na walezi.

Chuo kilichohamia shamba

Hapo kale nchi za Ulaya zilipigwa na tauni mara kwa mara. Watu hawakujua chanzo chake. Kidudu cha tauni hakikugunduliwa mpaka mwaka 1894, na Alexandre Yersin, huko Hong Kong. Lakini waliona kwa macho yao kwamba palipo na watu wengi waliosongamana, ndipo penye vifo vingi. Na vyuo vikuu ni mahali pa watu waliosongamana: wanalala pamoja, wanakula pamoja, wanakaa pamoja darasani.

Basi huko Oxford, Uingereza, katika karne ya 16, baadhi ya vyuo vilijiwekea nyumba za kukimbilia. Chuo cha Magdalen kilikuwa na nyumba zake katika mji mdogo wa Brackley, kiasi cha maili 20 kutoka Oxford. Chuo cha Trinity cha huko huko Oxford kilikuwa na nyumba katika kijiji cha Garsington, maili chache tu. Tauni ilipoingia mjini, walimu na wanafunzi walichukua vitabu vyao wakahamia huko, wakaendelea na masomo mpaka hatari ilipopita.

Tazameni, basi, dawa ya kwanza waliyoipata wenye vyuo. Waliona ya kuwa chuo si majengo. Chuo ni mwalimu, mwanafunzi na kitabu. Vitatu hivi vikikutana, hata katika nyumba ya shamba, chuo kipo.

Mwana wa mjane

Mwaka 1665 tauni kubwa iliishika London. Waliokufa wakadiriwa kufika watu 100,000. Ugonjwa ulipokaribia Cambridge, chuo kikuu cha huko kilifungwa, na wanafunzi wakatawanyika makwao. Kati yao alikuwamo kijana wa miaka 22, jina lake Isaac Newton.

Habari za kijana huyu yafaa zisomwe na kila mzazi wa kijijini. Baba yake, mkulima, alikufa kabla yeye hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena, akafiwa na mume wa pili. Mama huyo alikuwa na shamba na kondoo, akaona haja yake ni mtu wa kulisimamia shamba. Akamtoa mtoto shuleni. Lakini mtoto alikuwa mchungaji hafifu sana, kwa maana mawazo yake yalikuwa vitabuni. Mjomba wake na mwalimu wake wakamsihi mama amrudishe shule, na mama akakubali. Mwaka 1661 akaingia Cambridge katika chuo cha Trinity, akiwa mwanafunzi wa kulipia masomo kwa kuwatumikia wenziwe wenye mali.

Chuo kilipofungwa, alirudi kwa mama yake kijijini Woolsthorpe. Mara hii mama hakumkabidhi kondoo. Alikaa nyumbani sehemu kubwa ya miaka miwili, akisoma na kuandika. Huko ndiko alikoipasua nuru ya jua kwa kioo, akachunguza rangi zilizomo ndani yake. Huko alianza kuwaza juu ya nguvu inayovuta vitu kwenda chini, kama ndiyo hiyo hiyo inayoushika mwezi usitoroke. Huko pia alijenga misingi ya tawi jipya la hesabu. Mwaka 1667 alirudi Cambridge, na mwaka 1669 akawa profesa wa hesabu.

Sisemi kwamba kila mtoto akirudishwa nyumbani atakuwa Newton. Wala sisemi tauni ilikuwa jambo jema. Iliua maelfu, na wengi waliotawanyika hawakugundua chochote. Nataka tushike mambo mawili tu. La kwanza, chuo cha Trinity hakikuwasahau watu wake: kiliagiza kwamba wanazuoni wake waliokwenda shamba kwa sababu ya tauni wapewe posho zao za chakula. La pili, nyumbani kulikuwa na meza, na palikuwa na mama aliyemwachia mwanawe nafasi.

Masomo kwa posta

Baada ya hapo ilipatikana njia nyingine, ambayo mwanzo wake haukuwa ugonjwa bali umbali. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wasiosoma katika vyuo vyake. Mtu aliweza kusoma popote, kisha akafanya mtihani na kupata shahada. Huko Afrika Kusini, chuo kikuu kiitwacho Unisa kilianza mwaka 1946 kufundisha kwa barua. Mwalimu aliandika somo, posta ikalipeleka, mwanafunzi akajibu maswali, posta ikayarudisha. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka chuo hicho mwaka 1989, naye bado mfungwa. Ikiwa somo laweza kupita ukuta wa gereza, halishindwi kupita mto wa kijiji chetu.

Uingereza walianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1969, na wanafunzi wake wa kwanza walianza masomo mwaka 1971, wakitumia vitabu vya posta pamoja na redio na televisheni. Kwetu Tanzania, Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992. Walimu wengi wa shule zetu, na makarani na wauguzi, wamesoma kwa njia hiyo bila kuacha kazi wala watoto wao.

Kwa hiyo, korona ilipofika, wale waliosema kwamba mtu hawezi kusoma chuo kikuu akiwa nyumbani walikuwa wamechelewa sana. Jambo gumu lilikuwa jingine: kuvihamisha vyuo vyote, kwa siku chache, kuingia katika njia ambayo vyuo vichache viliijenga kwa miaka mingi.

Mwaka 2020

Mtakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda mbio. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona imekuwa janga la dunia. Italia ilikuwa imekwisha kufunga shule na vyuo vyake vyote tangu tarehe 5. Kenya ilipata mgonjwa wa kwanza tarehe 13, ikaagiza vyuo vikuu vifungwe ifikapo tarehe 20. Tanzania ilipata mgonjwa wa kwanza tarehe 16, na tarehe 18 vyuo vyetu vikafungwa. Uganda nayo ikafunga tarehe 20. Katika mwezi wa Aprili, UNESCO ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 duniani walioachishwa masomo, tangu watoto wa vidudu hata wa vyuo vikuu.

Kila nchi ilishika njia yake. Uingereza, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari katika chuo cha Imperial, London, walifanya mtihani wao wa mwisho kwa kompyuta, kila mtu nyumbani kwake, wakiruhusiwa kutazama vitabu. Kwa nini kuruhusiwa? Kwa sababu msimamizi hayupo. Basi swali latungwa kwa namna ambayo jibu halinakiliwi kitabuni. Linamweleza mtahiniwa habari za mgonjwa, kisha linamwuliza atafanya nini. Cambridge ilitangaza mwezi wa Mei kwamba mihadhara ya mwaka mzima uliofuata itatolewa kwa mtandao, ingawa vikundi vidogo vingeweza kukutana na walimu wao. Italia ilikuwa na haja kubwa ya madaktari hata ikaamua kwamba shahada ya udaktari peke yake yatosha kumpa mtu ruhusa ya kutibu, bila kungoja mtihani mwingine wa serikali.

Tanzania njia ilikuwa fupi. Masomo katika vyuo vingi yalisimama, kisha vyuo vikafunguliwa tarehe 1 Juni 2020, na muda uliopotea ukafidiwa kwa kubana ratiba. Uganda walingoja zaidi: wanafunzi wa mwaka wa mwisho walirudi kwanza, tarehe 15 Oktoba 2020, vyuo vikafungwa tena mwezi wa Juni 2021, na shule zao hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Hapo mwaona kwa nini chuo hakiwezi kukaa tu kikingoja ugonjwa uishe. Laiti wangengoja, kijana angezeeka.

Afrika Kusini na data ya usiku

Nchi ambayo habari zake zatufaa zaidi ni Afrika Kusini, kwa kuwa huko wapo wanafunzi matajiri wa mjini, na wapo wengi watokao vijijini kama vyetu.

Vyuo vya Witwatersrand na Cape Town vilianza kufundisha kwa mtandao mwezi wa Aprili 2020. Kabla ya kuanza walijiuliza swali la maana: mwanafunzi wetu ana nini mkononi? Wakawauliza wanafunzi wenyewe. Wengine walikuwa na kompyuta na umeme. Wengine walikuwa na simu tu. Wengine walikaa nyumba moja na watu wanane, wasipate hata kona ya kusomea.

Basi yakafanyika mambo manne. Kwanza, vyuo viliwakopesha kompyuta wale wasio nazo, vikawapelekea hata mashambani. Pili, kulikuwa na mpango wa kuwapa wanafunzi data kila mwezi, gigabaiti 10 za mchana na 20 za usiku. Za usiku zilikuwa nyingi kwa sababu usiku watumiaji ni wachache, na bei hushuka. Tatu, kampuni za simu zilikubali kwamba mwanafunzi akifungua kurasa za masomo za chuo chake asitozwe. Nne, hatari ilipopungua, hawakuwarudisha wote kwa siku moja. Kwanza waliruhusiwa asilimia 33, baadaye asilimia 66. Waliotangulia ni wale ambao masomo yao hayawezekani nyumbani, kama vile udaktari na kazi za maabara, na wale wa mwaka wa mwisho.

Mpango huu haukuwa bila kasoro. Data ya usiku ina maana ya kijana kukesha, na asubuhi nyumbani anaambiwa ni mvivu. Hata hivyo yalikuwapo mawazo ya haki ndani yake: asiachwe nyuma mtu kwa sababu ya umaskini wa kwao.

Somo lafikaje kijijini?

Huenda msomaji ajiuliza, somo la chuo lapitaje katika simu ndogo? Ngoja nieleze kama nilivyoona.

Ziko namna mbili. Namna ya kwanza ni darasa la saa ile ile: mwalimu anasema, wanafunzi wote wanamwona na kumsikia saa hiyo hiyo, wanauliza, anajibu. Ni njema, lakini yala data nyingi, na mtandao ukikatika dakika kumi somo limekupita. Namna ya pili ni somo lililohifadhiwa: mwalimu anarekodi sauti yake au anaandika maelezo, anayaweka katika mtandao wa chuo, na mwanafunzi anayachukua apatapo nafasi. Vyuo vingi vyatumia kwa kazi hii programu iitwayo Moodle. Aliyeitengeneza, na kuitoa mwaka 2002, ni Martin Dougiamas wa Australia, ambaye utotoni aliishi jangwani mbali na shule, akasomeshwa kwa redio. Mtoto wa mahali pasipo shule ndiye aliyevipa vyuo vikuu darasa la mbali.

Yafaa wazazi wajue hesabu ya gharama pia. Picha zinazotembea, yaani video, kwa saa moja zaweza kula megabaiti mamia. Sauti peke yake kwa saa hiyo hiyo yala makumi tu. Maandishi matupu ya kurasa kumi huenda yasifike hata megabaiti moja. Kwa hiyo mwalimu mwenye busara, akijua wanafunzi wake wako vijijini, huandika, au hutuma sauti. Huacha video kwa jambo ambalo ni lazima lionekane.

Na yako mambo ambayo simu haiwezi. Huwezi kujifunza kushona kidonda kwa kutazama tu. Huwezi kuonja harufu ya dawa ya maabara, wala kufundisha watoto wa darasa la pili bila kusimama mbele yao. Nami niliyesoma chuo cha ualimu nasema kweli: yale majuma ya mazoezi ya kufundisha yalinifunza kuliko daftari zangu zote. Vyuo viliahirisha mazoezi ya namna hii, vikatanguliza nadharia. Tena kuna upweke. Nusu ya chuo ni mwenzako wa chumbani anayekueleza usiku lile ulilolikosa mchana. Na juu ya yote kuna kukosa mtandao kabisa. Mwezi wa Desemba 2020, UNICEF pamoja na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa walisema kwamba watoto wawili katika kila watatu duniani, wenye miaka 3 hadi 17, hawana intaneti nyumbani. Wengi wa hao ni jirani zetu.

Vijana wawili wa kwetu

Sasa nataka niwasimulie ya hapa petu, na moja kati yake ni kosa langu mwenyewe.

Mwaka ule wa 2020 nilikuwa bado mgeni katika kazi hii ya ukarani. Jioni moja ya Aprili nilimkuta binti mmoja ameketi kwenye ngazi za kanisa, upande wa kilimani, ana simu sikioni na daftari magotini. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudishwa. Jioni ya pili nikamkuta, na ya tatu. Nikajua mwenyewe, bila kuuliza, kwamba anazungumza na mvulana. Nikamwendea.

"Shikamoo, kaka Karani," akasema, akasimama.

Sikumwitikia vema. Nikamwambia hapa si mahali pa mazungumzo ya simu, aende kwao akasaidie mama yake. Akasema, "Samahani, kaka," akakusanya vitu vyake akaenda.

Siku mbili baadaye mama yake alinijia. Hakuja kugombana. Alisema, "Karani, mwanangu asema umemkataza ngazi. Naomba umwonyeshe mahali pengine penye mtandao, maana nyumbani haushiki. Mwalimu wake huwatumia somo kwa sauti, na yeye hulisikiliza pale akiandika."

Nilitamani ardhi ipasuke. Chuo chao kilikuwa kimefungwa, lakini mwalimu mmoja kwa hiari yake alirekodi masomo kwa simu, akampa kiongozi wa darasa, naye akawagawia wenziwe kwa WhatsApp. Msichana yule alikuwa analima tangu alfajiri hata saa nane, kisha anapanda kilima maili mbili kutafuta mtandao. Nami nikamfukuza kwa dhana tu.

Nilikwenda kwao nikamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Kisha nikamweleza Baba Paroko, naye akasema binti apewe ile meza ya dirishani ya ofisi kila jioni, achaji simu yake kwa umeme wetu wa jua, na kurasa zake muhimu zichapishwe. Wakati ule ule alikuwako mtu aliyeleta posa, akidai kwamba chuo kimekwisha, binti angoje nini? Baba yake, mzee asiyejua kusoma, alijibu, "Chuo kimefungwa, hakijafa. Naona kila jioni anakwenda." Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, binti alirudi na daftari mbili zilizojaa. Leo ni mwalimu wa sekondari katika mkoa mwingine.

Wa pili ni kijana, naye alikuwa na akili nzuri kuliko wengi wetu. Alirudi mwezi ule ule wa Machi. Nyumbani kulikuwa na fedha iliyowekwa kwa ada ya muhula uliofuata. Mwezi mmoja ulipopita, baba yake akaona fedha inalala bure, akaongeza kidogo akanunua pikipiki, kijana aendeshe bodaboda mpaka chuo kitakapofunguliwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Pikipiki ilileta fedha kila siku, na chuo hakileti kitu kila siku. Mwezi wa Juni ulipofika ada haikuwapo. Wakasema, "Atakwenda mwakani." Hakuandika barua ya kuomba kuahirisha masomo, alinyamaza tu. Mwakani ukapita. Pikipiki ilikwisha kuharibika zamani. Kazi yake ya sasa ni halali, nami simdharau hata kidogo. Lakini mama yake bado ameweka kile kitambulisho cha chuo ndani ya sanduku, na siku moja alinionyesha bila kusema neno.

Ugonjwa ulikuwa mmoja, mwezi ulikuwa mmoja, kijiji ni kimoja. Tofauti ilifanywa na nyumba mbili.

Tufanye nini?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Lakini magonjwa mengine yatakuja, kama yalivyokuja ya kwanza. Basi nashauri hivi.

Kwanza, fedha ya ada isiguswe. Chuo kikifungwa, fedha hiyo haijapoteza kazi yake, inangoja. Ifichwe hata machoni petu wenyewe.

Pili, mpe mtoto saa zake. Kulima alime, kuchota maji achote, maana amekuja nyumbani, si hotelini. Lakini kila siku awe na saa mbili au tatu zinazojulikana na watu wote wa nyumbani kuwa ni za masomo, na asiitwe. Nasema hivi hasa kwa ajili ya mabinti, ambao kazi za nyumbani haziwaishi.

Tatu, ukimwona na simu, uliza kabla ya kulaumu. Nimekwisha kuwaambia yaliyonipata. Kweli wako wanaochezea simu. Basi mwambie akuonyeshe daftari. Daftari halisemi uwongo.

Nne, tuwape mahali. Ofisi ya parokia, shule ya msingi, zahanati, duka lenye umeme wa jua: penye mtandao na meza pasikose nafasi kwa mwanafunzi. Haitugharimu kitu kikubwa.

Tano, mwanafunzi mwenyewe aandikiane na chuo. Ahifadhi namba yake ya usajili, namba ya simu ya kiongozi wa darasa, na risiti zote. Akishindwa kurudi kwa ugonjwa au ukosefu wa ada, aombe kwa barua kuahirisha masomo. Aliyeahirisha kwa barua ana mahali pa kurudia. Aliyenyamaza huhesabiwa kuwa ameacha.

Sita, msiharakishe posa wala safari za kutafuta kazi mjini katika miezi ya kufungwa. Miezi hiyo huonekana mirefu, nayo hupita.

Basi, mzee wangu wa kofia, hilo ndilo jibu langu. Hakuna awezaye kukuahidi kwamba chuo hakitafungwa kamwe. Lakini kikifungwa, walimu watatafuta njia ya kumfikia mwanao, kama walivyofanya wa Oxford kwa kuhamia shamba, na wa Afrika Kusini kwa data ya usiku, na yule mwalimu mmoja kwa simu yake mwenyewe. Somo litafika mpaka mlangoni kwako. Wewe uwe umemwekea meza na taa, na ng'ombe wako hawatakuwa wamekwenda bure.

Nasikia kijana ataondoka mwezi ujao. Akipita ofisini nitampa daftari moja jipya, na kumwonyesha ile meza ya dirishani, aijue mapema.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.

Ni mimi, Karani wenu wa Parokia.